Maji yanayokula sabuni: ugumu wa maji ya robine Kipushi na majina tunayoupa

Utangulizi

Katika kitivo chetu tumezoea kuliona kosa la neno kuwa jambo dogo. Mtu akikosea, mwenzake humsahihisha, mazungumzo yanaendelea. Katika makala hii nataka kueleza jinsi neno moja la kila siku, neno chumvi, lilivyomfanya mtu wa nyumbani kwetu aache maji salama na kunywa maji ya hatari.

Mtu huyo ni mama mdogo wangu. Tunaishi naye Kipushi, mji mdogo wa machimbo ulio kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mama mdogo ana ugonjwa wa shinikizo la damu, ule ambao nyumbani tunauita tansio, na daktari alimwambia apunguze chumvi katika chakula. Akatii: hata sombe akaila bila ladha. Siku moja jirani aliona ukoko mweupe ndani ya birika letu akasema, "Ile njo chumvi ya mayi ya robine." Mama mdogo hakubishana. Alisema tu, "Mi niko na tansio, siwezi kunywa mayi ya chumvi." Kuanzia kesho yake akawa anachota maji ya kunywa katika kisima kifupi nyuma ya nyumba za jirani, hatua chache kutoka choo, kwa sababu maji ya kisima kile hayakuacha kitu cheupe ndani ya chungu.

Hayakupita majuma matatu akashikwa na kuhara, tukampeleka kituo cha afya akiwa hawezi kusimama. Muuguzi alifungua pakiti, akamimina unga ndani ya lita moja ya maji safi. Mgonjwa akauliza ni dawa gani. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akatafsiri maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwenye pakiti: ni chumvi za kurudisha maji mwilini. Mama mdogo akafunga mdomo. Chumvi tena!

Mama yangu alinigeukia: "We unasoma luga, umuelezee." Sikuweza kueleza. Nilijua kuchambua neno chumvi kwa ngeli yake na asili yake, lakini sikujua kilichomo ndani ya birika letu. Alikunywa mwishowe kwa sababu mama alimlazimisha, akapona. Mimi nikabaki na deni la maelezo. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Ugumu unatoka wapi

Maji ya mvua yanapoanguka hayana ugumu. Lakini yakipita hewani, na zaidi yakipita katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza, yanachukua hewa ya ukaa na kuwa na uchachu mdogo sana. Mtu hawezi kuuonja uchachu huo, lakini jiwe la chokaa linausikia. Maji hayo yakikuta mawe ya chokaa, huyayeyusha kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na kubeba ndani yake kalsiamu. Kama mawe hayo ni ya aina ya dolomiti, yanabeba pia magnesiamu. Madini hayo mawili, yakiwa yameyeyuka katika maji, ndiyo tunayoyaita ugumu. Hayaonekani. Maji magumu ni meupe na maangavu kama maji mengine.

Kusini mwa Katanga tuna mawe hayo kwa wingi. Wanajiolojia wanaita tabaka moja la mawe ya chokaa na dolomiti kwa jina la Kakontwe, mahali palipo karibu na Likasi, ambako mawe hayo yamechimbwa na kuchomwa kuwa chokaa. Tabaka hilohilo limepita chini ya Kipushi, na zinki na shaba zilizouletea mji wetu jina zimelala ndani yake. Kwa kuwa mwamba wa Kakontwe una nyufa na mapango, unashika maji mengi. Sehemu ya maji ya Lubumbashi nayo inatoka katika mwamba wa aina hiyo. Kwa hiyo anayefungua robine huku kwetu anapokea maji yaliyokaa ndani ya jiwe kwa muda mrefu.

Kisima kifupi cha jirani ni habari nyingine. Kimechimbwa katika udongo mwekundu, wala hakifiki mwambani. Maji yake ni mvua ya juzi iliyopita katika udongo wa mtaa, pamoja na vyote vilivyomwagwa katika udongo huo. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana ni ya hatari.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika lita moja ya maji. Katika mgawanyo unaotumiwa sana, maji yasiyozidi miligramu 60 ni laini. Kutoka 61 hadi 120 yana ugumu wa kadiri. Kutoka 121 hadi 180 ni magumu. Zaidi ya 180 ni magumu sana. Vitabu vya Kifaransa hutumia digrii, na digrii moja ya Kifaransa ni sawa na miligramu 10 kwa lita.

Sabuni, makala na maharagwe

Nyumbani, ugumu unahesabiwa kwa franga kabla ya kuhesabiwa kwa miligramu. Nianze na kufua. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta, kama mawese, na soda kali. Inapoingia katika maji laini, inayeyuka na kutoa povu. Inapoingia katika maji magumu, kalsiamu inaikamata kwanza. Kalsiamu na sabuni vikishikana vinakuwa kitu kipya kisichoyeyuka: ule utando wa kijivu unaoelea juu ya beseni na kuacha pete ukingoni. Povu halitoki mpaka kalsiamu yote ishibe. Baada ya hapo ndipo sabuni inayobaki inaanza kazi tuliyoinunulia.

Hasara hiyo inaweza kuhesabiwa kwenye karatasi. Tuseme maji yana ugumu wa miligramu 300 kwa lita. Kalsiamu ya lita moja itaharibu sabuni gramu 1.8 hivi. Katika bidoni ya lita 20 ni gramu 36 au 37. Mama anayefua kwa bidoni kumi amepoteza karibu gramu 370, karibu kipande kikubwa cha sabuni, na bado hakuna shati hata moja lililotakata. Tena utando ule hauendi na maji. Unabaki ndani ya nyuzi, na nguo nyeupe zinakuwa za kijivu, taulo zinakuwa ngumu kama turubai. Niliwahi kusikia wasichana wakisemwa kwamba hawajui kufua, kwa sababu ya blauzi zao za shule. Sasa naona walionewa.

Nilifanya jaribio ambalo kila msomaji anaweza kulifanya. Nilichukua chupa mbili zilizo sawa. Moja nikaitia maji ya mvua niliyokinga moja kwa moja angani, ya pili maji ya robine, kiasi kilekile. Nikayeyusha sabuni iliyoparuzwa katika maji kidogo ya mvua ya moto, nikawa naitia tone kwa tone, kila mara nikitikisa chupa. Chupa ya mvua ilitoa povu tangu matone ya mwanzo na povu likakaa. Chupa ya robine ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ikaendelea kumeza matone, na nilipoanza kuchoka ndipo povu lilipokubali kukaa. Jaribio hili si langu. Mskoti Thomas Clark wa Aberdeen alipima ugumu kwa maji ya sabuni katika karne ya 19, na baada yake Wafaransa Boutron na Boudet wakalipa njia hiyo utaratibu uliotumika muda mrefu katika maabara. Lakini bado linafanya kazi jikoni Kipushi.

Athari ya pili ni ukoko. Maji yanapochemka, hewa ya ukaa inatoka, na kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka kwa msaada wake inarudi kuwa jiwe. Hilo ndilo linaloshika chini na pembeni mwa birika: jiwe la chokaa, lilelile la mwambani, limejitengeneza upya nyumbani kwetu. Ukoko huo haupitishi joto vizuri, kwa hiyo birika lenye ukoko mnene linataka moto zaidi. Kwa wenye birika la umeme, chuma chenye joto kinafunikwa na kinaweza kuungua kabla ya siku zake. Kwa sisi tunaochemsha kwenye mbabula, hasara ni makala, na bei ya makala kila mtu wa Katanga anaijua. Jambo hilohilo hutokea polepole ndani ya mabomba ya maji ya moto na katika robine zinazokuwa ngumu kufunguka. Mabomba ya maji baridi nayo yanaweza kupata utando mwembamba wa chokaa, lakini huo una faida: unaikinga chuma isiliwe na maji.

Athari ya tatu sikuitegemea. Ni maharagwe. Chembe za mbegu ya haragwe zimeshikana kwa kitu kama gundi, na kupika ni kuilegeza gundi hiyo. Kalsiamu inafanya kinyume: inaikaza. Maharagwe yaliyolowekwa na kupikwa kwa maji magumu yanachelewa kuiva, na ganda lake linabaki kama karatasi. Bibi yangu alikuwa akichoma mashina makavu, anachuja maji katika majivu yake, na kutia kidogo ya maji hayo chunguni. Sisi wajukuu tulidhani ni ladha tu. Majivu ya miti yana kaboneti ya potasiamu, nayo huiondoa kalsiamu majini kwa kuigeuza ukoko, na huilegeza gundi ya maharagwe pia. Leo wengi wanatia bikaboneti ya dukani. Tanzania na Kenya wanatia magadi. Mikono ni tofauti, kemia ni moja.

Majina ya ugumu

Hapa narudi katika somo letu. Nilikaa asubuhi kadhaa kwenye robine ya mtaa, na bidoni yangu katika foleni, nikisikiliza wamama wanavyoyasema maji. Nilisikia njia nne.

Ya kwanza: "Mayi iko nguvu." Kwa Kiswahili chetu cha Katanga, nguvu husimama pia mahali pa ugumu: kazi iko nguvu, maisha iko nguvu. Msemo huu unakaribia sana istilahi ya vitabu vya shule vya Kiswahili sanifu, maji magumu, na ile ya Kifaransa, eau dure. Mfano wa kuyaita maji magumu ni wa zamani sana. Katika kitabu cha Kigiriki cha hewa, maji na mahali, kinachohusishwa na Hippocrates, maji ya chemchemi zinazotoka mwambani yanaitwa magumu kwa neno lilelile la kitu kigumu. Lakini kwa asiyefundishwa, jina hili halielezi kitu. Maji yanakuwaje magumu wakati yanamwagika? Mzee mmoja aliponisikia nikisema maji magumu alielewa kwamba ni magumu kupatikana, akaanza kunieleza siku ambazo robine haitoki.

Ya pili: "Mayi inakatala sabuni." Hapa maji ni mtu mwenye hiari, amekataa. Ni msemo mzuri, na unaeleza kinachoonekana: hakuna povu. Lakini unadanganya kidogo. Ukiamini kwamba maji yamekataa sabuni, utadhani sabuni ingali nzima mahali fulani ndani ya beseni, na kwamba ukisugua kwa nguvu itarudi. Hairudi.

Ya tatu: "Mayi inakula sabuni." Msemo huu ulinifanya niandike makala. Anayekula anamaliza kilicholiwa, anashiba, kisha anaacha. Ndivyo ilivyo hasa: kalsiamu inamaliza sabuni kwa kiasi chake, kisha ikishiba povu linatoka. Mama aliyenitamkia maneno haya hakusoma kemia, lakini katika maneno matatu ametaja tendo, hasara na kikomo. Mwanafunzi wa sayansi angehitaji ukurasa.

Ya nne: "Mayi iko na chumvi." Hii ndiyo iliyosemwa zaidi ya zote, na ndiyo iliyosemwa na watu waliosoma.

Chumvi mbili

Kwa nini waliosoma? Nimeulizana na wenzangu wa kitivo cha sayansi, na nadhani njia ya kosa ni hii. Katika kemia, chumvi si jina la kitu kimoja. Ni jina la ukoo mzima wa vitu vinavyozaliwa asidi na besi zinapokutana. Chumvi ya jikoni, kloridi ya sodiamu, ni mtoto mmoja tu wa ukoo huo. Bikaboneti ya kalsiamu iliyo katika maji yetu ni mtoto mwingine. Kifaransa nacho kina tatizo hilihili: sel ni cha mezani, na sels ni ukoo. Lakini mwanafunzi wa Kifaransa anasaidiwa na wingi na maneno yanayofuata: sels minéraux, sels de calcium. Darasani anasikia hivyo, anarudi nyumbani, na mama akimwuliza ni nini ndani ya birika, anatafsiri kwa neno moja: chumvi. Katika Kiswahili chetu cha kila siku chumvi haina ukoo. Ni ile iliyo ndani ya kopo karibu na mbabula. Neno limevuka mpaka wa lugha na kuacha mzigo wake upande wa pili.

Katika isimu tunaita jambo hili upolisemia, neno moja lenye maana zaidi ya moja, na kwa kawaida muktadha hututoa katika utata. Hapa muktadha ulizidi kuukaza. Mama mdogo alikuwa ameambiwa chumvi na daktari, akaambiwa chumvi na jirani, akaambiwa chumvi na muuguzi. Mara tatu neno moja, na vitu vitatu tofauti. Ukifikiri alivyofikiri yeye, alikuwa na mantiki safi kabisa. Sisi ndio tulioharibu.

Basi tutenganishe. Kinachomdhuru mtu wa tansio katika chumvi ya jikoni hasa ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo zinapatikana katika gramu 5 hivi za chumvi, kijiko kimoja kidogo. Ugumu wa maji ni kalsiamu na magnesiamu, si sodiamu, na mwili unayahitaji madini hayo yote mawili. Shirika hilohilo halikuweka kiwango cha afya cha ugumu wa maji ya kunywa, kwa sababu ugumu katika viwango vya kawaida vya maji hauonekani kuwa na madhara ya kulazimu kikomo. Unga wa kituo cha afya nao una kloridi ya sodiamu, kweli, pamoja na potasiamu, sitrati na sukari ya glukosi. Lakini mtu anayehara amepoteza maji na sodiamu nyingi kwa saa chache, na bila sodiamu na glukosi kwa pamoja utumbo haupokei maji vizuri. Wakati ule, chumvi ile ndiyo iliyokuwa uhai wake.

Kuna jambo lingine ambalo lingemshangaza mama mdogo. Zipo mashine za kulainisha maji zinazouzwa kwa mahoteli na nyumba kubwa. Nyingi zinachukua kalsiamu na kutoa sodiamu mahali pake, na zinalishwa chumvi ya jikoni gunia kwa gunia. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita yakilainishwa hivyo hadi mwisho, yanapata sodiamu miligramu 138 hivi zaidi katika kila lita. Yanatoa povu vizuri, hayaachi ukoko, na ndiyo ambayo mtu wa tansio anapaswa kuuliza habari zake. Birika jeupe halikuwa na chumvi ya kuogopwa. Birika safi lingeweza kuwa nayo.

Niongeze onyo moja, ili nisieleweke vibaya. Tunaishi juu ya machimbo, na watu wana haki ya kuuliza kama maji yana metali nyingine. Ugumu haujibu swali hilo. Ukoko mweupe hauonyeshi kwamba maji yana sumu, wala hauonyeshi kwamba hayana. Vijidudu na metali hupimwa katika maabara. Povu na birika haviwezi kupima hayo. Nilichotetea hapa ni kimoja tu: ukoko wenyewe si sababu ya kukimbilia kisima.

La kufanya nyumbani

Kwa kufua, msaada mkubwa ni mvua. Huku kwetu inanyesha kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na bati la nyumba linakusanya mapipa. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati, kisha kinga. Maji hayo ni ya kufulia na kuoshea nywele. Ya kunywa yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa. Wakati wa kiangazi, sabuni ya unga inafaa zaidi ya kipande, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zisikamatwe na kalsiamu. Soda ya kufulia au maji ya majivu yakitangulia katika beseni, kalsiamu inaanguka kabla sabuni haijaingia. Kuchemsha kunapunguza ugumu pia, lakini kuchemsha bidoni nzima kwa ajili ya nguo ni kununua sabuni kwa bei ya makala.

Kwa birika, ndimu au siki inatosha. Tia, ongeza maji kidogo, pasha moto, acha saa moja. Ukoko utatoa vipovu na kulegea. Vipovu hivyo ni hewa ya ukaa ileile iliyochukuliwa udongoni. Kwa maharagwe, loweka kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, au yale ya robine yaliyochemshwa na kutulia, bila kumimina mashapo.

Kwa kunywa, maji ya robine yaliyohifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko yanapita kwa mbali maji ya kisima kisichofunikwa. Kipindupindu kinarudi katika mikoa yetu ya Katanga mara kwa mara, na hakiachi ukoko ndani ya chungu.

Hitimisho

Nilipomaliza kusoma nilirudi Kipushi kulipa deni. Nilifikiri nimepata neno bora: tuseme maji ya chokaa, kwa sababu ndivyo yalivyo. Nikalijaribu kwenye robine. Mama mmoja akaniangalia kuanzia juu hadi chini: "Chokaa njo ya kupaka nyumba. Unapenda tukunywe nyumba?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikajifunza kwamba istilahi iliyo sahihi kitabuni inaweza kuzaa hofu mpya mtaani. Ningeondoa chumvi na kuweka rangi ya ukutani.

Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyelitatua. Nilimkalisha jikoni, nikamwonyesha ukoko wa birika na kipande cha jiwe nililookota, nikavitilia vyote viwili ndimu. Vikatoa vipovu sawasawa. Nikaitia ndimu chumvi ya kopo, haikutoa kitu. Akaangalia kwa muda, kisha akasema, "Basi ile haiko chumvi. Ni mayi ya mu majiwe." Maji ya ndani ya mawe. Jina hilo halina hofu. Linataja mahali yalikotoka, linaeleza ukoko kwa kuwa jiwe hurudi kuwa jiwe, na haligusi kopo la chumvi. Tena ni karibu na alichosema yule Mgiriki, bila kupitia kwake.

Wenzangu wa kitivo hiki, wengi wetu tutakuwa walimu, wafasiri, na watangazaji wa redio. Tutaombwa kuandika kwa Kiswahili maelezo ya afya, ya maji, ya dawa. Kabla ya kuchapisha neno tulilolipata katika kamusi, tulipeleke kwenye robine na kulisema kwa sauti, kisha tusikilize foleni italifanya nini. Mama mdogo sasa anakunywa maji ya robine. Sombe bado anakula bila chumvi.